Volkano kulala si kwamba haiui

Ndugu mwandishi, umesema volkano iliyolala haina madhara mpaka ilipuke. Hapana. Volkano ya Casita, kule Nicaragua, Amerika ya Kati, haikutema hata jivu tarehe 30 Oktoba 1998, lakini iliua watu zaidi ya 2,000. Mvuke na maji moto ya chini kwa chini yalikuwa yameyala mawe yake miaka na miaka, mengine yakageuka udongo wa mfinyanzi, ule ukilowa unateleza kama sabuni. Kimbunga Mitch kikamwaga mvua siku kadhaa, ubavu karibu na kilele ukaporomoka, tope likashuka na miti na mawe, likafukia vijiji vya El Porvenir na Rolando Rodríguez. Vijiji vizima jamani! Tafadhali rekebisha aya ile.