Hela ya kuanzisha shule sio hela ya kuiendesha

Wadau habari zenu. Mi ni mtu wa Korogwe, niko huku Minnesota, Marekani, mwaka wa 11 sasa, usiku nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, asubuhi napeleka watoto shule ndo narudi kulala. Kila nikiingia kwenye magrupu ya WhatsApp ya nyumbani nakuta mtu kaandika kwamba Marekani shule za watoto wa maskini zinamwagiwa hela, alafu anayefuata anajibu kwamba kwetu Tanzania serikali haiwajali kabisa watoto wa maskini. Yote mawili hayako hivyo, na nasema hivi kwa sababu nimekaa miaka mitatu kwenye bodi ya shule moja ya chata kama mjumbe wa wazazi, sheria ya jimbo hili inataka kwenye bodi awepo mzazi na mwalimu na mtu wa jamii, kwahiyo hizo hela nimeziona kwenye makaratasi mwenyewe.

Kwa wasiojua, shule ya chata ni shule ya umma, hulipi ada hata senti, ila haiko chini ya wilaya ya elimu, inaendeshwa na bodi yake kwa mkataba, ikishindwa kutimiza mkataba inafungwa. Watoto wakizidi nafasi inapigwa bahati nasibu, hakuna cha kumjua mtu. Minnesota ndo jimbo la kwanza kuzitungia sheria, mwaka 1991, na ya kwanza kabisa, City Academy, ilifunguliwa St. Paul 1992 kwa ajili ya vijana waliokuwa wameshaacha shule. Yaani toka mwanzo wazo lilikuwa ni wale watoto ambao shule za kawaida zimewashinda.

Sasa hela. Serikali kuu ya Washington ina mfuko maalumu wa ruzuku za kuanzishia hizi shule, upo kisheria tangu 1994, na 2025 umepandishwa kutoka dola milioni 440 kwa mwaka mpaka milioni 500. Jimbo likiomba lazima lieleze litawasaidiaje watoto walio nyuma kielimu, na hapo wanahesabu watoto wa familia za kipato cha chini, wanaojifunza Kiingereza, wenye ulemavu, wasio na makazi, na wale ambao wazazi wao wanahamahama kufuata kazi za mashambani. Binti yangu wa kwanza alivyofika hapa akiwa darasa la nne alikuwa anaingia kwenye hiyo orodha mara mbili, Kiingereza hajui na baba yake mshahara mdogo. Sikuona aibu. Nilishangaa tu kwamba kuna mahali mtoto wangu ameandikwa kama sababu ya shule kupewa zaidi.

Ila hapa ndo watu wengi wanakosea. Hiyo ruzuku ni ya kuanzia. Inanunua madawati, vitabu, kompyuta, inafundisha walimu kabla shule haijafunguliwa, inaweza kufanya ukarabati mdogo, hata basi la kwanza. Kisheria haizidi miaka mitano na kwenye hiyo miaka muda wa kujipanga hauzidi miezi 18. Haikulipii kodi ya jengo miaka yote wala mishahara ya mwaka wa sita. Baada ya hapo unaishi kwa hela inayomfuata mtoto, yaani unalipwa kwa kila mtoto uliyenaye, idadi ya vichwa basi.

Shule yetu ilipanga watoto 200 wakaja 130. Makabati yamejaa laptopu mpya, rafu za maktaba zimejaa vitabu vizuri kabisa, na kodi ya jengo iko palepale kama tungekuwa 200. Jimbo linasaidia kodi ya jengo, asilimia 90 au dola 1,314 kwa mtoto, kile kilicho kidogo, kwahiyo watoto wakipungua na msaada unapungua, na hela za serikali huruhusiwi kununulia jengo lako. Na ile kodi wanayotozwa wenye majumba, ambayo wananchi wa wilaya wanaipigia kura kuongezea shule zao, sisi haitufikii. Nakumbuka kikao cha mwezi wa tatu, saa moja usiku, baridi kali, tumekaa na wale wamama wa Kisomali na baba mmoja Mkongo tunaangalia karatasi ya bajeti, mkurugenzi anasema lazima tuondoe mwalimu mmoja, na aliyeondolewa ni mwalimu wa kusoma, yule aliyekuwa anakaa na watoto wanne wanne wasiojua Kiingereza. Binti yangu alikuwa mmoja wao. Nilipiga kura ya kukubali kwa sababu hesabu ilikuwa haina njia nyingine na mpaka leo inaniuma, maana ile shule ilipewa hela kwa ajili ya mtoto kama huyo na wa kwanza kuguswa akawa yeye.

Kwahiyo anayesema leta chata Tanzania, mi hapana. Hapa mjini shule ikifungwa kuna nyingine dakika 15 kwa basi. Kijijini kwetu shule ni moja, ikifungwa mtoto aende wapi?

Kitu ambacho ningekiomba kwa mikono miwili ni kingine. Minnesota inapima uzito wa mtoto. Shule yenye watoto wengi wa kipato cha chini inaongezewa fungu juu ya lile la kawaida, mwenye kujifunza Kiingereza ana fungu lake, mwenye ulemavu ana lake, na juu yake kuna hela ya serikali kuu kwa shule za wenye shida ambayo ipo tangu 1965. Haitoshi, nimeshawaeleza yaliyotukuta, lakini msingi wake ni kwamba aliyeanza nyuma anahitaji zaidi. Na chakula, tangu 2023 kila mtoto wa shule hapa anakula asubuhi na mchana bure, awe wa tajiri awe wa mlinzi, hakuna anayeulizwa.

Nyumbani hela ya serikali kwa shule kiwango ni kimoja. Shilingi 10,000 kwa mtoto wa shule ya msingi kwa mwaka, awe wa Upanga mjini Dar awe wa Kilindi ndani huko, na kwenye hiyo 10,000 inayofika shuleni ni 6,000, ile 4,000 ni ya vitabu inabaki juu serikalini. Na hiki kiwango sio cha jana jamani. Kilipangwa 2002 ada za msingi zilivyofutwa na wakati ule kilikuwa kama dola 10, leo ni kama dola 4. Mkisii mmoja tunayefanya naye kazi anasema kwao Kenya kwa miaka mingi ilikuwa shilingi 1,420 za Kenya kwa mtoto wa msingi, na huko nako mmoja kwa wote. Sibezi elimu bila malipo, ile ya 2016 imeingiza darasani watoto wengi wa ndugu zangu ambao wangekuwa wanauza maandazi stendi, na kutuma hela moja kwa moja kwenye akaunti ya shule kulikuwa jambo zuri sana.

Lakini ni kosa lilelile nililoliona huku. Kujenga tunaweza, hela ya kukabili UVIKO (corona) ya 2021 ilijenga madarasa 15,000 na yanapendeza, kila mbunge kapiga picha mlangoni. Baada ya picha chaki ananunua nani?

Kaka yangu ni mjumbe wa kamati ya shule huko kwetu. Jumapili iliyopita nilimpigia nikamwambia hebu tufanye hesabu kama tunavyofanya kwenye bodi huku. Watoto 480 mara 6,000, milioni 2 laki 8 na 80 elfu kwa mwaka. Gawa kwa 12, laki 2 na 40 kwa mwezi, na hapo kuna chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, michezo, nauli ya mwalimu mkuu kwenda halmashauri. Akanyamaza kidogo. Nikamuuliza, kati ya hao 480 wangapi hawali mchana kwa sababu mzazi hajatoa mahindi na maharage? Akasema dogo, hiyo hesabu hatujawahi kuifanya, ila tunawajua kwa majina. Nikamwambia kaka nakuomba muyaandike, jina na darasa na sababu, kikao kijacho yasomwe mbele ya diwani. Kasema kikao ni tarehe 14, na mi nimeshaomba ruhusa kazini siku hiyo nisikilize kwa simu.