Yule bibi na namba ya begani

Jumanne nilikuwa kwenye basi hapa Birmingham natoka shifti ya usiku, macho hayafunguki kwa uchovu, wakapanda polisi wawili wakaenda moja kwa moja kwa kijana mmoja amekaa nyuma. Wana sare, wakajitambulisha, wakamwambia anashukiwa kwa kosa gani. Jamani moyo ulivyonidunda ungedhani ni mimi nakamatwa. Sasa kulikuwa na bibi mmoja, kikapu chake cha magurudumu hapo miguuni, yule kijana wala hamjui, akauliza mnampeleka wapi. Askari akamtajia kituo. Bibi akatoa risiti ya dukani, akaigeuza, akaandika namba ya begani ya yule askari, taratibu, mkono unatetemeka kwa uzee, na askari akasimama akamsubiri mpaka akamaliza.

Nimeshuka nalia. Nilimkumbuka mzee Ali Kibao.

Siku yenyewe mnaijua, 6 Septemba 2024, basi la kwenda Tanga, pale Tegeta, Dar. Wakapanda watu na bunduki, wakamfunga pingu mzee wa watu, mjumbe wa sekretarieti ya Chadema, wakashuka naye, mwili ukaja kuokotwa Ununio. Mimi mtu wa Muheza, hiyo barabara nimeipita tangu nasoma, na mpaka leo nawawaza wale abiria. Siwalaumu hata kidogo. Wangeuliza nini? Hakuna sare, hakuna jina, hakuna namba ya kuandika nyuma ya risiti, pingu na bunduki ndo kitambulisho chenyewe. Kwetu Tanzania kukamatwa na kutekwa vimefanana mpaka aliyekaa siti ya pembeni hawezi kuvitofautisha, na hapo ndo hawa watekaji tunaowaita "wasiojulikana" wanapopitia. Wamepita hapo na Deusdedit Soka, kijana wa Chadema, na wenzake wawili Agosti 2024, wamepita na mwanaharakati Mdude Nyagali Mbeya Mei 2025, Ben Saanane, kada wa Chadema, haonekani tangu 2016, familia yake haina hata kaburi.

Najua mtakavyonijibu. "Umeenda kubeba vikongwe vya wazungu leo unatufundisha." Sawa, navibeba, na hela inakuja Muheza kila mwezi. "Na huko polisi wanaua." Ni kweli kabisa! Machi 2021 askari wa London, Wayne Couzens, alimteka dada wa watu Sarah Everard, akitumia kitambulisho chake cha kipolisi, akamuua. Ila Septemba mwaka huo huo alikuwa ameshafungwa maisha, bila kutoka, na polisi wa London wakaweka utaratibu kwamba askari aliyevaa kiraia akikusimamisha akiwa peke yake akupigie simu ya video kwa mkubwa wake umuone na umuulize. Mimi sijasema huku malaika. Nasema huku mwenye pingu anadaiwa jina.

Na msiniambie ni mambo ya kizungu, sheria yetu wenyewe inamtaka anayekukamata akwambie kosa, na ufikishwe mahakamani mapema, kwa kawaida ndani ya masaa 24. Ipo, imeandikwa, tunachodai ni kilicho chetu. Rais aliagiza uchunguzi wa mzee Kibao, Chadema wakaitisha maandamano tarehe 23 mwezi ule ule, waliokamatwa ni viongozi walioenda kuuliza. Inaniuma mno hiyo.

Ila watu wetu sio waoga, hilo nalikataa. Yule mfanyabiashara wa Kiluvya Novemba 2024, klipu tumeiona wote, wamemshika, wanamsukuma ndani ya gari na yeye kagoma, kakaza miguu, anapiga kelele, mpaka wakamuacha. Niliiangalia mara sita nikitetemeka na kujivunia kwa pamoja.

Mama akiona ninavyoandika hivi ananipigia, mwanangu futa, una wadogo zako huku. Namwelewa mama, na sifuti. Mdogo wangu anasafiri Dar Muheza kila wiki mbili na siku hizi kabla basi halijatoka anatuma kwenye grupu la familia picha ya namba ya gari, namba ya siti na nguo aliyovaa. Hakuna aliyemfundisha. Ijumaa iliyopita alituma: siti ya 14, shati la bluu. Nikakaa na simu mkononi mpaka saa nne usiku aliposema nimefika.