Kiti cha Kuota Jua

Ukimuuliza mtu aliyeiona filamu ya Requiem for a Dream anakumbuka nini, atakwambia mkono. Mkono wa Harry, ulivyooza pale anapojidunga sindano mpaka ukakatwa. Wengine watataja muziki wa Clint Mansell, ambao hata wasioijua filamu wameshausikia mahali. Mimi nakumbuka ufunguo.

Filamu ndiyo kwanza inaanza. Harry amekuja nyumbani kwa mama yake, Coney Island kule Brooklyn, kuchukua televisheni akaiweke rehani apate hela ya unga, dawa za kulevya. Wote wawili wameshazoea. Mama, Sara Goldfarb, amejifungia kabatini kwa woga. Safari hii televisheni imefungwa mnyororo, na Harry akiuona anang'aka kana kwamba yeye ndiye aliyekosewa. Mama anajitetea kutoka huko gizani: mnyororo si kwa ajili yako mwanangu, ni kwa ajili ya wezi. Halafu anapitisha ufunguo chini ya mlango. Baadaye anakwenda mwenyewe kuikomboa kwa mzee mwenye duka la rehani, na mzee wala hashangai.

Mara ya kwanza niliiona nikiwa chuoni, kwenye geto la rafiki yangu pale Majengo, Moshi, laptop ikiwa juu ya ndoo iliyofunikwa kanga. Wenzangu walicheka kidogo kwenye kipande hicho. Mimi niliwaza mtungi wa gesi.

Mama yangu mkubwa anaishi Kibosho. Alikuwa na mtungi mdogo, ule wa kilo 6, na mwanawe, kaka yangu ambaye jina lake nitaliacha, alikuwa akiubeba usiku na kuushusha barabarani kwa Mangi wa dukani. Asubuhi mama mkubwa anajitanda kanga, anashuka, anaununua tena mtungi wake mwenyewe. Majirani wakimkuta njiani nao kichwani anasema ametoka kuujaza. Kuna mwezi mtungi ule ulijazwa mara nne, na moshi wa kuni jikoni kwake haukukatika hata siku moja. Hakuna aliyemuuliza.

Kwa hiyo nikisikia filamu hii ikiitwa ya kutisha, isiyo na huruma, kazi ya mkurugenzi anayefurahia kuwatesa watu wake, nashindwa kukubali. Darren Aronofsky aliitoa mwaka 2000, akiijenga juu ya riwaya ya Hubert Selby Jr. ya mwaka 1978, na ni kweli mwisho wake unaumiza kuliko msiba. Lakini unaumiza kwa sababu tulishaona upendo. Hukuumizwa na mkono. Umeumizwa kwa sababu mwenye mkono ana mama aliyempitishia ufunguo.

Tuje kwenye ishara, maana ndizo zinazozungumzwa sana na mara nyingi zinazungumzwa kama hesabu: nyekundu ni hiki, friji ni kile. Kwetu Uchagani hatuhitaji kufundishwa ishara. Isale ni mmea tu, umepandwa mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo, na watu wanapita bila kuutazama. Ila mtu aliyekukosea akija mlangoni na jani lake mkononi, utaanzia wapi kumfukuza? Jani halijabadilika. Kilichobadilika ni kwamba kuna mtu amelishika na anakutazama.

Gauni jekundu la Sara liko hivyohivyo. Alilivaa siku ya mahafali ya mwanawe, mumewe Seymour akiwa hai. Simu inaingia, anaambiwa huenda akaitwa kwenye kipindi cha televisheni, na wazo la kwanza linalomjia ni gauni lile. Halimtoshi tena. Anajaribu kula kidogo, anashindwa, anakwenda kwa daktari, anaandikiwa vidonge vya kupunguza mwili, vya rangi rangi: zambarau asubuhi, bluu mchana, chungwa jioni, kijani usiku. Kumbe ndani yake mna amfetamini, dawa ya kuchangamsha inayoleta uraibu. Mtu anaingia kwenye uraibu akifuata gauni, na ndani ya gauni kuna siku moja ambayo wote watatu, baba, mama na mwana, walikuwa pamoja. Ukisema nyekundu ni rangi ya hatari hujakosea, ila umemuacha Sara nje.

Daktari mwenyewe anaandika dawa hata uso hajauinua. Aronofsky hakuhitaji zimwi hapo, peni na karatasi zimetosha. Kila baridi ya filamu hii ina sura hiyo: mtu anahudumiwa na asiyemtazama.

Sasa kiti. Kina mama wa jengo lile wanatoka nje na viti vyao, wanavipanga kando ya ukuta kwenye kipande cha lami chenye jua. Sara anapopata habari ya televisheni, wenzake wanampisha mahali pazuri zaidi, jua likimpiga usoni. Nimesoma watu wakilieleza jua hilo kwa maneno mazito sana, umaarufu, ndoto ya Marekani. Huenda. Lakini mtu aliyekulia kwenye mteremko wa Kilimanjaro, akapita Julai ya huku ambapo ukungu unaufunika mlima siku nzima na bibi anavaa makoti mawili, anajua kuota jua ni nini. Ni kigoda kilichosogezwa. Ni mtu anayekwambia njoo kaa huku, hapo kuna kivuli. Sara hakuhitaji televisheni imfanye maarufu. Alitaka kusogezewa kigoda, na kwa wiki chache akasogezewa.

Kuna kipande ambacho nakirudia kila nikiwa na nguvu ya kukirudia. Harry ameanza kupata hela za kuuza unga, amemnunulia mama televisheni mpya kubwa, amekuja kumpa habari. Anamsikia mama akisaga meno. Sauti ile anaijua, ni ya kazi yake. Anamwambia aache vidonge. Na Sara, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo dogo, anamuuliza aache ili apate nini: kitanda atandike cha nani, vyombo aoshe vya nani, baba yako hayupo, wewe hupo, mimi ni mzee. Ellen Burstyn anayasema hayo akitabasamu. Aronofsky amewahi kusimulia kwamba kamera ikiwa inaenda, picha ilianza kuteleza pembeni. Akataka kumkaripia mpigapicha wake, Matthew Libatique, akakuta mtu analia na machozi yametia ukungu kwenye kioo cha kutazamia. Picha hiyohiyo iliyoteleza ndiyo iliyobaki kwenye filamu. Burstyn aliteuliwa kuwania Oscar na hakuipata, jambo ambalo bado sijalisamehe.

Akitoka hapo Harry anaingia kwenye teksi, analia, anajidunga.

Sitasema kila kitu kimekaa sawa. Friji ya Sara, inayonguruma na kutembea kwenye maono yake, inanichosha, nadhani tulishaelewa ilipotikisika mara ya kwanza. Na Marion, mpenzi wa Harry, anafikishwa mahali ambapo nahisi kamera nayo imeanza kutazama kama wale wanaume waliomzunguka. Majira nayo: filamu imegawanywa joto, vuli, baridi, na machipuo hayaji. Ni nadhifu mno kwangu, ingawa inafanya kazi.

Lakini Tyrone, rafiki yake Harry, katikati ya biashara yao chafu anajiona mtoto, anakimbilia mapajani kwa mama yake, anamwambia ipo siku atafanikiwa. Mama anamjibu kwamba hahitaji kufanikiwa chochote, ampende mama yake tu. Mwishoni, gerezani, anajikunja kitandani kama mtoto. Wote wanne wanajikunja vile, kila mmoja peke yake, mahali pake. Na kabla ya hapo, rafiki zake wawili Sara wanakwenda kumwona hospitali ya wagonjwa wa akili baada ya yeye kupigwa shoti za umeme kichwani. Sara hawatambui. Wanatoka, wanakaa kwenye benchi, wanakumbatiana na kulia. Dakika haifiki. Hao ndio waliokuwa wakipanga viti juani, na safari hii kiti kimoja hakina mtu.

Linganisha na michezo yetu ya kuelimisha jamii. Teja anaingia ameinama, anakuna shingo, anaiba kuku, anapigwa, anakufa, mchungaji anaongea. Hana mama. Akiwa naye, kazi yake ni kulia kwenye jeneza. Neno lenyewe, teja, lishammeza jina. Mtaani kwetu kaka yangu alikuwa teja kwa miaka, huku mzee wa nyumba ya pili, anayefungua siku kwa gongo saa moja asubuhi, akiitwa mzee anayependa starehe. Filamu ile haimpi mtu nafasi ya kutofautisha hivyo. Mikato ya harakaharaka ya mboni ya jicho na sindano inarudi kwenye vidonge vya mama, mdundo uleule.

Kaka yuko Dar siku hizi, kwa baba mdogo. Alihamia huko kufuata methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini, huduma iliyoanza Muhimbili mwaka 2011. Kila siku unafika dirishani, unaitwa jina lako, unakunywa dozi yako mbele ya muuguzi, unarudi kesho. Aliniambia mwanzoni kilichomshangaza si dawa, ni kuitwa jina lote, mpaka la ukoo.

Julai iliyopita nilikuwa Kibosho, mvua nyepesi, nikaifungua tena filamu ile sebuleni sauti ikiwa chini. Mama mkubwa akapita na kikombe cha chai, akasimama. Nikataka kuifunga, maana si filamu ya kutazama na mkubwa, akaniambia acha. Ilikuwa bado mwanzoni. Akauliza yule mama yuko wapi mbona anasikika haonekani. Nikamwambia kajifungia kabatini, mwanawe anachukua TV.

Akatazama mpaka ufunguo ukapita chini ya mlango.

"Mimi nilikuwa najifanya nimelala," akasema, akatoka na chai yake kwenda kuangalia kama jua limeshatoka.