Mlinicheka kwa Picha ya Bango

Juzi nilituma picha kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo, jibu la kwanza likawa: "Umevuka bahari kwenda kusoma mabango porini?" Zikafuata emoji za kucheka. Mjomba mmoja, ambaye simtaji kwa heshima ya umri wake, akamalizia kwamba sisi wa majuu tukishashiba tunastaajabia hata miti.

Basi ngojeni niwaeleze hilo bango, halafu mcheke vizuri.

Fort Snelling ni hifadhi ya jimbo hapa Minnesota, pale mto Minnesota unapoingia Mississippi, mjini kabisa. Uwanja wa ndege uko jirani, kwa hiyo kila baada ya muda unanyamaza katikati ya sentensi, ndege ipite, uendelee. Bondeni ni msitu mtupu: mipopla minene, mierebi inayoinamia maji, na bata mzinga wanaokatiza njia kwa madaha kana kwamba hati ya shamba wanayo wao. Gari unalilipia kibali cha siku, au cha mwaka mzima. Wa miguu hulipi kitu. Hakuna anayekuuliza kama u raia, mkazi au mgeni. Kiangazi kikifika Wakenya tunayavamia yale majiko ya chuma yaliyosimikwa chini, mbuzi anachomwa, watoto wanavua samaki ziwani. Mbu wapo, tena wakorofi, ila hawaleti malaria, hivyo tunawasamehe.

Sasa, hatua chache kutoka kwenye harufu hiyo ya nyama kuna mahali pa ukumbusho, na bango hilo linaloeleza kilichotokea hapo. Mwaka 1862 Wadakota, wenyeji wa nchi hii, walikuwa wameshanyang'anywa ardhi kwa mikataba, malipo waliyoahidiwa yakachelewa, njaa ikawaingia, vita vikazuka. Waliposhindwa, watu wapatao 1,600, wengi wao wanawake, watoto na wazee, waliswagwa hadi bondeni hapa na kuzungushiwa uzio chini ya ngome ya jeshi majira yote ya baridi. Waliokufa, hasa kwa maradhi kama surua, wanakadiriwa kuwa kati ya 130 na 300. Tarehe 26 Desemba mwaka huohuo wanaume 38 walinyongwa kwa mpigo mmoja mjini Mankato, kwa idhini ya Rais Lincoln, yuleyule wa kukomesha utumwa. Mei 1863 waliobaki wakapakiwa kwenye meli za mvuke na kufukuzwa jimboni. Kwenye vigingi vya ukumbusho watu hufunga vitambaa vidogo vya rangi. Vingine vimepauka kwa jua, vingine ni vya majuzi.

Na huko juu ya jabali, kwenye ngome yenyewe, waliishi Dred Scott na mkewe Harriet, watumwa waliowekwa mahali ambapo sheria ilikataza utumwa. Wakadai uhuru wao mahakamani. Mwaka 1857 Mahakama ya Juu ikawaambia mtu mweusi si raia.

Kilichonishika si ukatili. Ukatili tunaujua. Ni kwamba serikali inayokutoza ada langoni ndiyo hiyohiyo inayokwambia: hapa unapochomea nyama, tuliwafungia watu.

Najua mnachotaka kusema. "Ameanza kuwasifu Wazungu." Hata! Wengi wao wanapita hapo mbio na mbwa wao, spika masikioni, hata shingo hawageuzi, na mimi hukereka hadi natamani kuwashika mkono. Wala msidhani walikubaliana kuandika. Mwaka 2019 Chama cha Historia cha Minnesota kilipoongeza kwenye vibao jina la Kidakota la mahali hapa, Bdote, baadhi ya maseneta walitaka kikatwe bajeti. Kwa neno moja tu!

"Bango halirudishi shamba." Kweli, na hoja hiyo naiheshimu kuliko zote. Lakini mwaka 2023 bunge la jimbo lilipitisha sheria, na 2024 hifadhi nzima ya Upper Sioux Agency, yenye makaburi ya Wadakota, ikakabidhiwa kwa Wadakota. Lango la hifadhi likafungwa, ardhi ikarudi. Ni kipande kidogo cha kile kilichochukuliwa, sibishi. Nitajieni chetu tulichorudisha kwa namna hiyo, nami nitafuta picha yangu.

Msinielewe vibaya, misitu tunayo, tena ya kujivunia. Msitu wa Karura, Nairobi, Profesa Wangari Maathai alipigwa mwaka 1999 kwa sababu ya kupanda miti humo, na leo tunafanya mazoezi ya asubuhi karibu na mapango walimojificha Mau Mau, wapiganaji wetu wa uhuru. Natembea kifua mbele nikiwasimulia watu wa huku. Halafu wananiuliza Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alizikwa wapi. Wakoloni walimnyonga gereza la Kamiti Februari 1957, na kaburi lake hatujaonyeshwa hadi leo. Mau Mau wenyewe walibaki chama haramu hadi 2003, miaka 40 tangu tujitawale! Ule mnara wa Uhuru Park wa mwaka 2015 wa kuwakumbuka walioteswa, pesa zilitoka Uingereza. Yaani hata kumbukumbu ya viboko tumelipiwa na mwenye kiboko.

Shule ya wasichana ya Kangubiri kule Nyeri ilikuwa kambi ya kizuizini ya Aguthi enzi za vita vya Mau Mau. Shule ya Mweru, vilevile. Ni wangapi kwenye kikundi hiki waliojua hilo kabla ya kulisoma hapa? Tumepeleka watoto, tumehudhuria siku za wazazi, tumekula keki.

Mtasema ni umaskini, hatuna hela za mabango. Ubao na rangi ni bei gani? Sisi tunaogopa kitu kingine. Bango la Fort Snelling linamshtaki mtu aliyekufa zamani, mgeni, mwenye jina lisilomuuma jirani yeyote. La kwetu lingelazimika kusema nani alikuwa homugadi, yaani Mwafrika mwenzetu aliyewalinda wakoloni dhidi ya Mau Mau, nani alishika bunduki mlangoni mwa kambi, na nani alitoka kwenye ile hali ya hatari ya wakoloni na ekari alizoingia hana.

Kwa hiyo wewe uliyeniambia nirudi nikaandike bango langu mwenyewe badala ya kupiga kelele kutoka Minnesota: nitarudi Desemba, ubao nitanunua, rangi nitanunua. Unijibu kwanza jambo moja, binamu. Tukifika kwenye jina la homugadi wa kijiji chetu, tunaliandika au tunaliruka? Nakuuliza wewe, si mwingine, na kwa nini nakuuliza wewe unajua.