Kuwinda usiku au mchana katika Minecraft

Siku nzima katika mchezo wa kompyuta wa Minecraft ni dakika 20 tu, na usiku, ambapo maadui hujitokeza gizani, haufiki hata nusu yake. Katika dakika hizo chache wachezaji hugawanyika: wengine hukimbilia kitanda jua likizama ili usiku upite wakiwa usingizini, wengine huchomoa upanga. Mimi ni wa upanga, lakini wa kitanda nao wana hoja nzito.

Mchana unaona uendako, na jua lenyewe linakuwindia. Zombi na viunzi vya mifupa wanaokutwa nje hushika moto, na buibui hupoa, hakugusi mpaka umchokoze. Asubuhi unapita uwandani unaokota mifupa na mishale bila jasho. Ila adui aliyeteketezwa na jua bila wewe kumpiga hakuachii pointi za uzoefu, na pointi hizo ndizo zinazotia silaha yako nguvu za uchawi. Hapo unaokota masalio, huwindi.

Tena mchana wenyewe si salama kama wanavyousifu. Creeper, adui anayekunyemelea kisha akalipuka, haungui. Unakata mti, mgongo wako uko wazi, unasikia "sssss" nyuma yako, na kuanzia hapo una sekunde moja na nusu. Wengi niliowaona wakipoteza kila kitu kwa Creeper walipigwa jua likiwaka, kwa sababu usiku angalau ngao inakuwa mkononi.

Hoja yao inayonipa shida ni ya mapangoni. Kule ni giza saa zote. Katika toleo la Java, lile la kompyuta, ukicheza peke yako, maadui wanaokuzunguka wana kikomo cha takriban 70. Usiku wanagawana juu na chini, mchana karibu wote wanajaa chini. Kwa hiyo anayetaka baruti na mifupa akashuka pangoni saa sita mchana hajakosea hata kidogo. Tofauti ni kwamba pangoni ukirudi nyuma unagonga ukuta au unatumbukia kwenye lava, wakati uwandani una nafasi ya kukimbia, na Enderman, yule mrefu mweusi anayekasirika ukimtazama usoni, unamwona kwa mbali.

Halafu kuna kinamasi. Slime wa kinamasini, maadui kama madonge ya ute yanayorukaruka, hufuata mwezi: mwezi mpevu wanajaa, mwezi ukiwa gizani kabisa hawaji.

Asiye na ngao wala deraya alale, simlaumu. Vitu vyake akifa vitamngoja dakika 5 tu pale chini, na kuvifuata gizani akiwa mikono mitupu ni kufa mara ya pili. Mwenye navyo namshauri atoke mwezi ukishavuka utosi: maadui wameshajaa, na akizidiwa, jua liko njiani. Ila asikeshe mfululizo. Siku 3 bila kulala, Phantom, maadui warukao, wanaanza kumshukia kutoka angani, na hao ngao ikielekea mbele haiwazuii wakija kwa nyuma.