Siku tatu kati ya kituo na Tume

Siku ya pili baada ya uchaguzi wa 29 Oktoba 2025, duka la Mangi mtaani kwetu Sinza, Dar es Salaam, lilikuwa wazi nusu mlango. Intaneti ilikuwa imezimwa nchi nzima, na kwa amri ya kutotoka nje, ikifika jioni kila mtu awe ndani kwake. Nilifuata unga. Nikarudi na unga pamoja na matokeo matatu tofauti ya jimbo moja: moja la shemeji wa mtu, moja la bodaboda, na la Mangi mwenyewe ambalo hakusema kalitoa wapi. "Kaka, wewe si msomaji," akaniuliza, "eti ni kweli?" Ningejuaje?

Nalikumbuka duka lile kila nikisikia kwamba mtandao huzimwa ili kuzuia uvumi.

Hoja hiyo si ya kubeza, lakini. Agosti 2022 Wakenya walikaa mbele ya runinga, stesheni moja ikionyesha Ruto anaongoza, nyingine Raila, kwa sababu kila chumba cha habari kilijumlisha fomu za matokeo ya vituo kwa mpangilio wake. Zanzibar mwaka 2015, Maalim Seif, mgombea urais wa upinzani, alijitangazia ushindi kabla ya Tume ya Uchaguzi. Siku mbili baadaye Jecha, mwenyekiti wa Tume hiyo, akaufuta uchaguzi mzima. Fomu ya bandia siku hizi inatengenezwa kwenye simu kabla chai haijapoa. Na mawakala tunawajua: chama kikishinda kituoni picha inafika haraka, kikishindwa chaji imeisha.

Ila wenye hoja hii huwadhania wote wanaokusanya matokeo ya vituo kwamba wanataka kutangaza mshindi. Wengi wao wanataka kujumlisha tu. Kutangaza ni kazi ya Tume, hakuna anayeipora. Kujumlisha ni hesabu ya shule ya msingi, na yeyote mwenye fomu anaweza kuirudia.

Kenya ndivyo walivyofanya 2022. Tume yao iliweka mtandaoni picha za fomu za vituo, vituo 46,229, kila mtu azipakue. Mwenyekiti wake, Chebukati, alipomtangaza Ruto kwa asilimia 50.49, makamishna wanne wa Tume hiyo kati ya saba walikuwa Hoteli ya Serena wakiyakana matokeo. Hilo peke yake lingetosha kuwasha moto katika nchi iliyozika watu zaidi ya elfu baada ya uchaguzi wa 2007. Kesi ikaenda Mahakama ya Juu, fomu za karatasi zikalinganishwa na zile za mtandaoni, haikuonekana tofauti ya maana, na ushindi ukathibitishwa 5 Septemba. Raila hakukubaliana na majaji, ila alisema anaiheshimu hukumu.

Mtu atasema: wao wana mahakama. Hapo hapo ndipo ninapotaka tukae. Ibara ya 41(7) ya Katiba yetu inasema Tume ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Mahakama ya Afrika, ambayo iko hapa hapa Arusha, ilitamka Julai 2020 kwamba ibara hiyo inavunja Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Bado ipo. Maana yake muda pekee wa kuhakiki kura ya urais ni ule ulio kati ya kuhesabu kituoni na kutangaza: siku tatu, nne zikizidi. Sasa hesabu kilichofanyika ndani ya siku hizo. Mwaka 2015, siku Magufuli anatangazwa, polisi walivamia kituo cha waangalizi wa ndani hapa Dar, wakawakamata makumi ya watu na kuondoka na kompyuta na simu. 2020 mitandao ya kijamii ilibanwa kuanzia mkesha wa kura, watu wakahamia VPN, programu za kukwepa kizuizi. 2025 ikazimwa intaneti yote. Matokeo yalitangazwa 1 Novemba, mtandao ukaanza kurudi tarehe 3.

Asilimia 97.66 za kura, ndizo alizotangaziwa Rais Samia. Tuseme ni sahihi hadi kura ya mwisho kabisa. Mpiga kura wa Kimara ataionaje safari ya kura yake kutoka fomu ya kituoni kwake hadi kwenye namba hiyo? Kama Tume ilijumlisha vizuri, giza limeinyima ushahidi wake wenyewe.

Mashine nazo zina aibu zake. Nigeria iliahidi kupandisha matokeo ya urais mtandaoni Februari 2023, mfumo ukakwama usiku ule ule, na ahadi iliyovunjika ikazaa shaka kubwa kuliko kama isingetolewa. Kwa hiyo siombi mtambo mpya wa mabilioni. Naomba fomu ya matokeo ya urais ya kila kituo ipigwe picha mbele ya mawakala wote kabla haijaondoka kituoni, na picha hiyo Tume iiweke hadharani.

Kubadili ibara ya 41(7) kunahitaji theluthi mbili ya wabunge. Picha ya fomu inahitaji simu ya msimamizi wa kituo, na bando linalofanya kazi usiku huo.