URL inaenda wapi: `startsWith` au kichanganuzi cha kiwango?

Wanaokagua URL kwa `startsWith`, yaani kwa kuangalia tu kama maandishi yake yanaanza na anwani inayoruhusiwa, wana hoja, na si hoja ya uvivu. Mstari mmoja husomeka na kila mtu kwenye timu, wala haurushi hitilafu katikati ya ombi la mteja kama `new URL('/akaunti')` inavyorusha `TypeError` isipopewa anwani ya msingi. Isitoshe, kichanganuzi (chombo kinachoigawanya URL katika sehemu zake) cha kiwango cha WHATWG, kundi linaloandika viwango vya wavuti ambavyo vivinjari huvifuata, hubadilisha maandishi uliyokipa. Huondoa `:443` kwenye `https`, na ukigusa `searchParams` kwa `set` au `append`, yote yaliyo baada ya `?` huandikwa upya: `%20` inakuwa `+`, `~` inakuwa `%7E`. Kiungo chenye saini ya HMAC, yaani alama iliyokokotolewa kwa ufunguo wa siri kutokana na maandishi yale yale, kinaharibika hapo hapo. Malalamiko hayo ni ya kweli; kiungo chenye saini kiachwe kama kilivyokuja.

Lakini huo wote ni usumbufu wa mwandishi wa programu. Hatari ya mteja iko kwingine: anayeamua URL inaelekea wapi ni kivinjari kilichopokea kichwa cha `Location` (sehemu ya jibu la seva inayokiambia kiende wapi), si ukaguzi wako.

Chukua kigezo cha `rudi`, anwani ambayo mteja hurudishwa baada ya kuingia, kwenye ukurasa wa kuingia wa duka lako, `duka.example`. `startsWith('https://duka.example')` inapitisha `https://duka.example.mwizi.example`, na pia `https://duka.example@mwizi.example`, ambamo duka ni jina la mtumiaji tu. Ukidai ianze na `/`, `//mwizi.example` inapita. Ukizuia mikwaju miwili, `/\mwizi.example` inapita, maana kwenye `http` na `https` kivinjari huuhesabu mkwaju wa kinyume sawa na ule wa kawaida. Kila kiraka kinazaa kingine.

Wala si kila maktaba inaokoa. Ipe `urlsplit` ya Python `https://mwizi.example\@duka.example/`: itakujibu kwamba seva ni `duka.example`, kwa kuwa inachukua kilicho baada ya `@`. Kivinjari kinakomea kwenye `\` na kwenda `mwizi.example`. Ukaguzi umepita, na mteja anaandika nywila yake kwa mwizi. RFC 3986 ya mwaka 2005, kiwango cha jinsi URL inavyoandikwa, hairuhusu `\` ndani ya URL, ila `urlsplit` kazi yake ni kugawanya, si kuthibitisha usahihi. CVE-2023-24329 (CVE ni namba ya udhaifu wa usalama uliotangazwa), iliyozibwa katika Python 3.11.4, ni ya ukoo huo huo: nafasi tupu mwanzoni mwa URL ilitosha kukwepa orodha ya zilizopigwa marufuku. Kwa hiyo kwenye Python kataa kwanza `\`, nafasi na herufi za udhibiti, ndipo ugawanye.

Kwenye Node kazi ni nyepesi zaidi:

```
const u = new URL(rudi, 'https://duka.example');
if (u.origin !== 'https://duka.example') return res.redirect('/');
res.redirect(u.href);
```

Mstari wa kwanza uzungushie `try`. Wa mwisho usiufupishe kuwa `u.pathname`, kosa linaloonekana safi kabisa kwenye mapitio ya msimbo. `/.//mwizi.example` ina asili (`origin`: itifaki, seva na mlango) ya duka, inapita kihalali, lakini `pathname` yake ni `//mwizi.example`, ukiituma peke yake umemkabidhi mteja kwa mwizi baada ya kukagua vizuri. `url.parse()` ya zamani nayo isiwe kimbilio: nyaraka za Node zenyewe zinasema haifuati kiwango, na udhaifu wake haupewi namba ya CVE.

Kwa seva inayochota URL za watumiaji, faida ni kubwa vile vile. `http://0x7f.1/` na `http://2130706433/` zote ni 127.0.0.1, yaani seva yenyewe, na `new URL` inakuonyesha hivyo kwenye `hostname`, wakati ulinganishaji wa maandishi hauoni chochote. Kisichozuiliwa na kichanganuzi ni jina la DNS lililoelekezwa kwenye 127.0.0.1; hilo linakaguliwa kwa IP yenyewe, wakati wa kuunganisha.